Danganya kwa Adabu: Mwongozo wa Fundi wa Picha za Kale

Mwenzangu, umekabidhiwa picha ya miaka 400. Rangi imebanduka begani kwa mtakatifu, vanishi imekuwa ya kahawia, na mwenye mali anataka irudi kama ilivyokuwa siku ilipotoka kwa mchoraji. Haiwezekani. Mchoraji hayupo, na chochote utakachoongeza kitakuwa chako, si chake. Basi tusizungushane: kazi unayoianza ni ya udanganyifu. Utaziba pengo, utapaka rangi mahali ambapo mkono wa mwenyewe haukuwahi kurudi, na mtu atasimama mbele ya picha aone kitu kizima huku wewe ukijua kwamba si kizima.

Usijione mkosaji. Muhimu ni kujua wa kumdanganya. Aliyesimama hatua tano, mdanganye kwa moyo wote. Amekuja kuona picha, hakuja kuhesabu mashimo. Aliyesogea mpaka pua inakaribia turubai, mwambie ukweli. Na fundi atakayekuja miaka 100 baada yako mwachie kila kitu wazi, maana huyo ndiye hakimu wako, na hutakuwepo kujitetea. Ukiyashika hayo, yaliyobaki ni mbinu.

1. Anza kwa uvivu

Njia ya mkato iliyo bora kuliko zote ni kutoigusa picha. Kabla hujashika brashi, tafuta kinachoiua. Mara nyingi uzee unasingiziwa tu. Muuaji ni jua la dirishani, ukuta unaovuja, au kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Ubao hunywa unyevu ukavimba, kisha hukauka ukasinyaa. Rangi ngumu iliyo juu yake haiwezi kuufuata, basi hupasuka. Mwanga nao hauna msamaha: madhara yake hujumlishwa, wala hakuna usiku unaoyafuta. Ndiyo maana makumbusho hupunguza taa hadi luksi 50 kwa michoro ya rangi za maji, na takriban 150 hadi 200 kwa ya mafuta.

Kwa hiyo hamisha picha. Funga pazia. Ziba paa. Umefanya nusu ya kazi, hujaharibu kitu, na mikono yako bado misafi.

Mwaka 2012, katika mji mdogo wa Borja, Hispania, bibi mmoja aliyelipenda kanisa lake alichukua brashi ili aokoe sura ya Yesu iliyochorwa ukutani na Elías García Martínez karibu mwaka 1930. Dunia nzima ilimcheka. Mimi simcheki; alifanya kwa mapenzi yale ambayo mafundi wengi wenye mishahara wameyafanya kwa kiburi. Ila tazama kosa lilipo. Unyevu wa ukuta ndio uliokuwa ukiibandua picha. Ugonjwa ulikuwa ukutani, dawa ikapakwa usoni.

2. Tumia mate

Sasa picha imetulia, uchafu bado upo. Nikupe siri ambayo mafundi hawaitaji mbele ya wafadhili: lowanisha pamba kwa mate yako. Izungushie kwanza kwenye ncha ya kijiti chembamba, iguse ulimini, kisha ibiringishe juu ya rangi. Ibiringishe, usisugue, na eneo lako lisizidi ukucha wa kidole gumba. Pamba ikitoka ya kijivu au ya kahawia, itupe, chukua nyingine. Usiirudishe mdomoni hata ukiwa na haraka. Ikitoka nyekundu au ya buluu, simama hapo hapo. Hiyo si taka tena, ni picha.

Huu si ushirikina wa karakana. Mate yana amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, na yana uvuguvugu wa mwili bila ukali wa spiriti. Watafiti watatu wa Ureno waliyapima dhidi ya viyeyusho vya kawaida, na katika ripoti yao ya mwaka 1990 wakaonyesha kwamba kwenye nyuso zilizopambwa kwa dhahabu mate hufanya kazi nzuri sana. Mwaka 2018 utafiti huo ulipewa Tuzo ya Ig Nobel, ile inayotuza kazi zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kwa michoro ya rangi za maji usijaribu. Mate yatakwenda na rangi yenyewe.

Uzuri mwingine wa mate ni kwamba huisha. Mdomo ukikauka itakubidi upumzike, na fundi aliyepumzika haharibu.

3. Simama mapema

Hamu ya kuona kitu kinang'aa humpanda mtu kichwani. Umefungua mraba mmoja, anga imetoka samawati, unataka na wa pili, na wa tatu, mpaka uso wa malaika uwe umekwisha. Kati ya mwaka 1937 na 1938, wafanyakazi wa Makumbusho ya Uingereza walizikwangua baadhi ya sanamu za hekalu la Kigiriki la Parthenon kwa zana za shaba na mawe ya kunolea, kwa kuwa Lord Duveen, aliyelipia ukumbi mpya, alitaka marumaru meupe. Marumaru ya aina ile hupata hudhurungi yake yenyewe kadiri karne zinavyopita, na Wagiriki wa kale walizipaka sanamu zao rangi. Weupe alioutaka tajiri yule haukuwahi kuwepo. Ngozi ya jiwe iliondoka na haitarudi.

Wewe acha kitu kidogo cha uzee. Tena acha kidirisha cha uchafu usichokigusa kabisa. Mafundi waliosafisha dari ya Michelangelo katika Kanisa la Sistina, Vatikani, kuanzia mwaka 1980, waliacha viraka vidogo vyeusi vyenye masizi ya mishumaa na gundi za waliowatangulia. Kiraka kile kinamfaa mtafiti anayetaka kujua nini kiliondolewa. Kinakufaa na wewe: bila hicho, hakuna atakayeamini picha ilikuwa katika hali gani ulipoipokea. Unapenda kusifiwa, na nani hapendi? Kidirisha kitakusifu kila siku, na hutahitaji kusema neno.

4. Danganya kwa mistari

Hapa ndipo penye utamu wa kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Bega la mtakatifu lina pengo. Ukichora bega jipya kwa ustadi mpaka lisitambulike, umeghushi. Ukiliacha jeupe, jicho la kila mgeni litaruka moja kwa moja hapo na kuisahau picha nzima. Waitaliano walipata njia ya katikati. Cesare Brandi, aliyeiongoza Taasisi Kuu ya Ukarabati ya Roma tangu ilipoanzishwa mwaka 1939, aliwafundisha mafundi wake kuziba pengo kwa mistari myembamba ya wima.

Fanya hivi. Jaza shimo kwa chaki iliyochanganywa na gundi, ulisawazishe mpaka ukipitisha kidole usihisi ukingo. Chukua rangi za maji na brashi yenye nywele chache. Chora mistari ya kijani hafifu, ukiacha kati ya mmoja na mwingine nafasi inayotosha mstari mmoja tu. Subiri ikauke. Katika zile nafasi weka manjano ya udongo. Subiri tena. Kisha pitisha nyekundu kidogo pale damu ingeonekana chini ya ngozi. Usichanganye rangi kwenye kibao. Mwachie mtazamaji kazi hiyo. Sasa rudi nyuma hatua tano. Mistari imetoweka na bega limekuwepo. Sogea karibu, bega limetoweka na mistari imerudi. Umemdanganya wa mbali, umemwambia ukweli wa karibu, na vyote viwili umevifanya kwa brashi ile ile.

Na usidhani mbinu hii ni ya matundu madogo. Huko Viterbo, mabomu ya mwaka 1944 yalilipiga kanisa lenye kikanisa cha Mazzatosta, ambacho Lorenzo da Viterbo alikichora mwaka 1469. Michoro ya ukutani ilivunjika ikawa maelfu ya vipande. Wanafunzi wa Brandi wakaviokota, wakavipanga kimoja kimoja kama vigae, wakayaziba mapengo yaliyobaki kwa mistari.

Lakini kuna mahali utashindwa, na ni vizuri ujue namna ya kushindwa kwa heshima. Tarehe 4 Novemba 1966, mto Arno ulifurika Florence. Katika makumbusho ya Kanisa la Santa Croce maji yaliuzamisha Msalaba wa Cimabue, kazi ya karne ya 13, na takriban asilimia 60 ya rangi yake ikaenda na tope. Hapo hakukuwa na bega la kukisia. Sehemu kubwa ya uso wenyewe haikuwepo. Umberto Baldini na wenzake hawakumchorea Yesu uso mwingine. Walichukua wastani wa rangi zilizosalia, wakausuka katika vijistari vilivyopishana, wakaziba mapengo kwa kivuli kisichodai kuwa mwili wala msalaba. Mwaka 1976 Msalaba ulirudi kwa umma ukiwa na makovu yake. Mimi naiona kazi ile kuwa miongoni mwa kazi za kiungwana kabisa za fani hii: walijua mahali pa kunyamaza.

Usipojua kilichokuwepo, usikibuni. Huo ndio mpaka wa udanganyifu wetu.

5. Chagua gundi dhaifu

Fundi mwenye majivuno hutaka kazi yake idumu milele. Jivunie kinyume chake: kazi yako itoke bila kuing'oa ya mwenzako. Pengo la picha ya mafuta usilizibe kwa rangi za mafuta. Zitakuwa nyeusi kabla ya wewe kustaafu, na kuzitoa kutahitaji dawa kali itakayokula na picha. Weka kwanza utando wa vanishi juu ya rangi ya asili, kisha fanya ukarabati wako juu ya utando huo kwa rangi za maji au zenye utomvu unaoyeyuka kirahisi. Na usivuke ukingo wa pengo hata kwa unywele. Ukivuka, umeanza kumfunika mchoraji.

Mwezi Agosti 2014, Cairo, ndevu za kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun zilibanduka, nazo zikarudishwa haraka haraka kwa gundi ya epoksi. Gundi ikavuja, ikaonekana; ilipojaribiwa kukwanguliwa, dhahabu ikachubuka. Epoksi ikishakauka haijui kuachia. Ilibidi timu iliyoongozwa na Christian Eckmann, fundi wa Ujerumani, iipashe joto na kuitoa taratibu kwa vijiti vya mbao. Mwezi Desemba 2015 kinyago kilirudi ukumbini. Safari hii ndevu zilishikiliwa na nta ya nyuki, kitu ambacho mafundi wa Farao wenyewe walikijua. Nta inashika vya kutosha, na siku ikitakiwa kuachia, inaachia.

6. Mweke mlinzi wa kufa kwanza

Mwisho wa kazi paka vanishi. Watu hudhani ni ya kung'arisha tu. Mwezi Aprili 1990, katika jumba la Rijksmuseum, Amsterdam, mtu mmoja aliimwagia tindikali picha ya Lindo la Usiku ya Rembrandt. Walinzi waliiwahi kwa maji, na tindikali ikaishia kwenye vanishi. Vanishi ikaungua, Rembrandt akapona. Paka tabaka jembamba, na lingine likihitajika. Litageuka manjano baada ya miaka mingi, na mwenzako atalitoa kwa pamba na kuweka jingine. Ndiyo kazi yake, kufa badala ya picha.

7. Ukikuta mwenzako alikutangulia

Karibu kila picha ya kale imeshapita mikononi mwa fundi mwingine. Usikurupuke kumfuta. Dresden wana picha ya Vermeer ya msichana anayesoma barua dirishani. Mwaka 1979 eksirei ilionyesha kwamba ukutani nyuma yake yupo Kupido, mungu mtoto wa mapenzi, amefunikwa kwa rangi. Wataalamu wakaamini ni Vermeer mwenyewe aliyebadili nia, wakamwacha. Uchunguzi wa karibu, uliotangazwa miaka mingi baadaye, ulikuta vanishi na uchafu kati ya Kupido na ile rangi iliyomfunika. Uchafu huchukua miongo kujikusanya. Aliyemfunika alikuja baada ya Vermeer kufariki. Hapo ndipo walipoanza kuiondoa kwa kisu kidogo chini ya hadubini, na mwaka 2021 msichana na Kupido wake wakaonyeshwa pamoja. Angalia subira hiyo. Uthibitisho ulikuwa utando wa vumbi.

Jiandae na kuchekwa pia. Huko Ghent, mafundi walipoondoa rangi za karne ya 16 kwenye madhabahu ya ndugu van Eyck iliyokamilika mwaka 1432, mwanakondoo wa katikati alitoka na macho yanayokukabili uso kwa uso, karibu ya binadamu. Mitandao ikajaa vicheko. Wao hawakulainisha chochote. Van Eyck alimchora hivyo, na hivyo ndivyo anavyokaa.

8. Sifa zako ziweke kwenye faili

Sasa jambo nyeti. Utakuwa umefanya kazi miaka, na siku ya uzinduzi atapongezwa waziri. Utaumia. Lothar Malskat aliumia.

Kanisa la Mtakatifu Maria, Lübeck, liliungua kwa mabomu mwaka 1942, na joto likaibandua chokaa ya ukutani na kufichua mabaki ya michoro ya enzi za kati. Kuanzia mwaka 1948 Malskat, akiwa chini ya mwajiri wake Dietrich Fey, alitakiwa kuikarabati. Pale ambapo hapakuwa na kitu cha kukarabati, alichora watakatifu wapya na kuwachakaza. Mwaka 1951 Ujerumani Magharibi ilitoa stempu za posta zenye michoro hiyo. Heshima zote zilimwendea Fey, Malskat hakutajwa. Mwaka uliofuata akajitokeza mwenyewe na kusema: ni mimi niliyechora. Wataalamu hawakutaka kumwamini. Mwaka 1955 alihukumiwa miezi 18 jela.

Kipaji alikuwa nacho, tena kikubwa. Ila alimdanganya wa karibu, na alimdanganya anayekuja. Wewe piga picha kabla, katikati na baada. Andika ulitumia gundi gani, rangi gani, na pengo lilikuwa na ukubwa gani. Tia sahihi yako hapo, kwa herufi kubwa ukipenda. Taa ya urujuanimno ikimulika, vanishi ya zamani hung'aa kijani na viraka vipya hutokea vyeusi; utakamatwa tu. Bora ukamatwe na faili yako mkononi.

9. Wageni wadanganye wazi wazi

Kuna picha ambazo adui wake ni pumzi. Pango la Lascaux, Ufaransa, liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa umma mwaka 1948. Kufikia mwaka 1963 hewa na jasho la wageni vilikuwa vimeotesha mwani wa kijani ukutani, pango likafungwa. Mwaka 1983 ilifunguliwa nakala, pango la kutengenezwa lililo karibu na lile la kweli, na watu wakapanga foleni. Wanajua ni nakala, na bado wanatoka wakiwa wameguswa. Ukiweza kumpa mgeni nakala nzuri ili asili ipumzike, mpe.

Kwetu Tanzania, michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, haina mlango wala kioo. Anayeimwagia maji ili rangi itokee vizuri kwenye simu anaiosha taratibu. Ukiwa pale na ukaona chupa inafunguliwa, sema.

10. Rudi nyumbani

Huenda hutashika kamwe kazi ya Vermeer. Lakini huenda sebuleni kwa shangazi yako ipo Tingatinga ya kale. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alipaka rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya hadibodi. Hadibodi huvimba pembeni ikipata unyevu, na rangi ile ngumu hudondoka kwa magamba. Usiifute kwa kitambaa kibichi. Iondoe kwenye ukuta unaopigwa na jua, iondoe jikoni, na weka vipande viwili vya kizibo nyuma yake ili hewa ipite kati yake na ukuta. Ipige picha mbele na nyuma, maana nyuma ndiko kuliko na majina na tarehe.

Na ikianza kubanduka, usinunue rangi. Ilaze mezani uso ukitazama juu, okota kila gamba hata la ukubwa wa punje ya mchele, yatie kwenye bahasha, andika tarehe na mahali yalipotoka, kisha mtafute fundi.